Kwa Nini Hojaji Huuliza Umri, Jinsia na Kazi: Jinsi Majibu ya Wakaazi Yanavyochorwa

Karani anapofika mlangoni na hojaji, mara nyingi maswali ya mwanzo hayahusu barabara, maji wala zahanati. Huuliza umri wa mhojiwa, jinsia, kazi anayofanya, kiwango cha elimu na mahali anapoishi. Wakaazi wengi hushangaa. Baadhi huyajibu kwa shingo upande, na wengine huyaruka kabisa wakidhani ni udadisi wa bure.

Maswali hayo ndiyo huamua iwapo sauti ya mkaazi itaonekana au itazama. Jibu la mtu mmoja huchanganywa na mamia ya mengine kabla halijafika mezani pa wanaopanga bajeti, na mara nyingi hufika likiwa picha: grafu yenye nguzo chache za rangi. Makala hii inaeleza jinsi picha hiyo inavyotengenezwa, inavyoweza kusema kweli, na inavyoweza kupotosha hata bila mtu kudanganya.

Maoni huingia wapi katika mipango ya kaunti

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 174, inataja ushiriki wa wananchi katika maamuzi yanayowahusu kuwa mojawapo ya malengo ya ugatuzi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaweka ushiriki huo kuwa lazima katika upangaji wa maendeleo. Njia inayojulikana zaidi ni kikao: wakaazi hukutana katika ukumbi, shuleni au kwenye uwanja wa chifu na kusema wanachotaka.

Kikao kina nguvu zake, lakini husikia waliofika. Mchumaji wa majani chai anayelipwa kwa kilo hupoteza malipo kila saa anayokaa nje ya shamba, na mama mwenye mtoto mchanga huenda asifike pia. Hojaji huwafuata watu walipo, na hapo ndipo ilipo faida yake. Faida hiyo hupotea ikiwa majibu yote yatakorogwa katika chungu kimoja.

Mfano: saa za zahanati

Chukulia kwamba wakaazi 400 wa eneo la chai wameulizwa swali moja: Je, saa za kufunguliwa kwa zahanati iliyo karibu nawe zinakufaa? Takwimu zinazofuata ni za kufundishia tu. Hazikutoka katika uchunguzi wowote uliofanywa.

Kati ya watu 400, waliojibu ndiyo ni 240. Hiyo ni asilimia 60. Grafu ya kwanza ina nguzo mbili, ndiyo 60 na la 40. Anayeitazama atasema wengi wameridhika, na kuendelea na mambo mengine.

Grafu ya pili hugawa majibu kwa jinsia. Wanawake walikuwa 200, na 116 kati yao walisema ndiyo, yaani asilimia 58. Wanaume walikuwa 200, na 124 walisema ndiyo, asilimia 62. Nguzo zinakaribia kulingana. Mtu angesema jinsia haina neno hapa.

Grafu ya tatu hugawa kwa kazi. Wafanyakazi wa mashamba makubwa ya chai walikuwa 100, na waliosema ndiyo ni 40 tu, asilimia 40. Wakaazi wengine, wakiwemo wakulima wadogo wanaopeleka majani kwenye vituo vya kununulia, wafanyabiashara na wengineo, walikuwa 300. Waliosema ndiyo ni 200, karibu asilimia 67. Sasa kuna pengo, na jambo limeanza kujitokeza.

Grafu ya nne hukutanisha jinsia na kazi kwa pamoja:

- Wanawake wa mashamba makubwa: watu 60, ndiyo 15, asilimia 25.
- Wanawake wengine: watu 140, ndiyo 101, asilimia 72.
- Wanaume wa mashamba makubwa: watu 40, ndiyo 25, karibu asilimia 63.
- Wanaume wengine: watu 160, ndiyo 99, asilimia 62.

Picha imebadilika kabisa. Wanaume wa mashamba makubwa hawana tofauti na wanaume wengine. Tatizo si la wafanyakazi wote wa chai, wala si la wanawake wote. Ni la wanawake wanaofanya kazi katika mashamba ya chai. Katika grafu ya jinsia hawakuonekana kwa sababu wanawake wengine, walioridhika sana, waliinua wastani wao. Katika grafu ya kazi, wanaume walioridhika waliwafunika pia.

Uamuzi nao hubadilika. Aliyeona grafu ya kwanza pekee hatafanya lolote. Aliyeona ya tatu anaweza kuongeza saa katika zahanati zote za eneo hilo na kutumia fedha nyingi pasipo haja. Aliyeona ya nne atajua aanzie kwa nani, na atauliza kwanza: je, ni kliniki ya watoto inayofanyika asubuhi wakati wao wako shambani? Ni umbali? Grafu huonyesha mahali pa kuuliza. Haisemi sababu, na bado lazima mtu aende akazungumze na wanawake hao.

Programu za takwimu hufanyaje kazi hiyo

Kazi huanza na jedwali. Kila mstari ni mhojiwa mmoja, na kila safu ni swali moja: safu ya umri, safu ya jinsia, safu ya kazi, safu ya wadi, kisha safu za maswali yenyewe. Siku hizi majibu mengi hukusanywa kwa simu au kishikwambi, kama ilivyofanyika katika sensa ya Agosti 2019, hivyo jedwali hujijenga lenyewe. Majibu ya karatasi sharti yaingizwe moja baada ya jingine.

Hatua ya pili ni kusafisha. Mtu mmoja huandika "mkulima," mwingine "farmer," wa tatu "mkulima wa chai." Kompyuta huona makundi matatu. Mhojiwa mwenye umri wa miaka 340 huenda alikuwa na 34. Aliyeacha swali la umri bila kujibu hawezi kuwekwa katika kundi la vijana wala la wazee. Huwekwa kando, na idadi ya watu kama yeye hutajwa wazi.

Hatua ya tatu ni kujenga jedwali linalokutanisha sifa mbili au tatu, kama lile la makundi manne hapo juu. Katika Excel kazi hiyo hufanywa na kifaa kiitwacho PivotTable: mtumiaji huburuta jinsia upande mmoja, kazi upande mwingine, na programu huhesabu. SPSS, inayofunzwa katika vyuo vingi, ina menyu ya kazi hiyo hiyo. R ni programu ya bure iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, katika miaka ya 1990. Anayeijua huandika mistari michache ya amri, na mwaka unaofuata huitumia tena kwa data mpya bila kuanza upya.

Hatua ya nne ni kuchora. Pakiwa na sifa moja, nguzo za kawaida zinatosha. Zikiwa mbili, nguzo huwekwa bega kwa bega, au kila kundi hupewa mstari mmoja wa urefu uleule uliogawanywa kwa rangi kulingana na majibu. Zikiwa tatu, njia safi ni kugawa ukurasa katika visanduku vidogo, kwa mfano kisanduku kimoja kwa kila kundi la umri, vyote vikiwa na kipimo kimoja. Jicho hulinganisha kisanduku na kisanduku bila kuchoka. Katika R, kifurushi cha ggplot2 hufanya hivyo kwa amri moja. Katika Excel mchoraji hutengeneza grafu kadhaa ndogo na kuhakikisha mwenyewe kwamba zote zinaanzia sifuri na kuishia 100.

Kuna jambo dogo linaloharibu grafu nyingi. Programu, isipoelekezwa, hupanga makundi kwa herufi. Viwango vya elimu vitatokea hivi: chuo, hakusoma, msingi, sekondari. Msomaji hawezi kuona kama majibu yanapanda au kushuka kwa elimu, maana mpangilio wenyewe umevurugika. Vivyo hivyo kwa majibu yenye ngazi, kuanzia kuridhika sana hadi kutoridhika kabisa. Mtindo wa majibu ya ngazi ulienezwa na Rensis Likert wa Marekani mwaka 1932, na maana yake yote imo katika mfuatano. Mchoraji sharti aiambie programu mfuatano huo.

Rangi nazo zina neno. Wako watu wasiotofautisha nyekundu na kijani, na nakala nyingi zinazobandikwa kwenye ubao wa afisi ya wadi hutolewa kwa wino mweusi pekee. Rangi moja iliyokolea na nyingine hafifu husomeka kote.

Asilimia ya nani?

Kosa kubwa zaidi halionekani kwa macho. Rudi kwenye mfano wa zahanati. Waliosema la ni 160. Kati yao, 61 ni wanaume wasiofanya kazi katika mashamba makubwa, 45 ni wanawake wa mashamba makubwa, 39 ni wanawake wengine, na 15 ni wanaume wa mashamba makubwa.

Afisa akichora chati duara ya walalamikaji, kipande kikubwa kuliko vyote, asilimia 38, kitakuwa cha wanaume walio nje ya mashamba makubwa. Wanawake wa mashamba watakuwa asilimia 28. Mtu ataondoka akiamini kwamba wanaoteseka zaidi ni wanaume hao, ilhali kipande chao ni kikubwa kwa sababu wao walihojiwa wengi, watu 160. Ukiuliza ni wangapi katika kila kundi waliosema la, jibu linageuka: 61 kati ya 160 upande mmoja, 45 kati ya 60 upande mwingine. Hiyo ni asilimia 38 dhidi ya asilimia 75.

Hesabu zote mbili ni sahihi, ila zinajibu maswali tofauti. Anayetaka kujua ni kundi gani lina shida zaidi, ahesabu asilimia ndani ya kila kundi. Anayetaka kujua atakaowahudumia wengi wao ni akina nani, ahesabu asilimia ya wote waliosema la. Grafu isiyosema ni asilimia ya nani haifai kutegemewa.

Kugawa kuna mwisho wake

Baada ya kuona faida ya kugawa, hamu huja ya kugawa zaidi: kwa umri, kwa elimu, kwa wadi. Kericho ina wadi 30. Ukizidisha wadi 30 kwa jinsia 2, aina 2 za kazi na makundi 3 ya umri, unapata makundi 360. Watu 400 wakigawanywa humo, kila kundi litabaki na takriban mtu mmoja. Grafu itachorwa vizuri tu, kwa sababu programu haikatai. Itaonyesha kundi moja lina asilimia 100 na jirani yake sifuri, kumbe ni mtu mmoja hapa na mtu mmoja pale.

Ipo kanuni ya haraka ambayo mtu yeyote mwenye kikokotoo anaweza kuitumia kwa sampuli iliyochaguliwa kwa bahati nasibu: gawa 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya wahojiwa. Kwa watu 400, majibu yanaweza kupanda au kushuka kwa asilimia 5 hivi. Kwa watu 100, asilimia 10. Kwa watu 60, karibu 13. Kwa watu 25, asilimia 20. Pengo la 25 dhidi ya 72 katika mfano wa zahanati ni kubwa kuliko wasiwasi huo, na linaaminika. Pengo la 58 dhidi ya 62 si la kujengea sera.

Tafiti za kitaifa hukumbana na jambo hilo hilo. Afrobarometa huhoji Wakenya wapatao 2,400 katika awamu moja. Idadi hiyo inatosha kusema jambo kuhusu taifa zima, lakini ikigawanywa kwa kaunti 47 inabaki wastani wa watu 51 tu kwa kaunti. Ndiyo sababu Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya wa Kenya wa 2022, uliokusudia kutoa picha ya kila kaunti, ulichagua kaya 42,300 kote nchini. Anayetaka kuona vikundi vidogo hana budi kuhoji watu wengi.

Kugawa kwa wadi pia si lazima kila mara. Ardhi yenyewe hutoa makundi yenye maana. Huko Soin, nyanda za chini zenye joto, maisha hayafanani na ya Londiani yenye baridi, wala na ya Kabianga na Chaik penye chai. Bomet nayo ni hivyo: Konoin ni chai, ilhali Chepalungu ni kukavu zaidi na wengi hufuga. Kuunganisha wadi zinazofanana huacha makundi machache yenye watu wa kutosha.

Ambao hawakuulizwa

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 901,777 katika Kaunti ya Kericho: wanawake 451,008, wanaume 450,741 na watu 28 wenye jinsia mbili. Wanawake na wanaume wanakaribia kulingana. Hojaji ikijazwa kwenye baraza lenye wanaume 300 na wanawake 100, jumla yake itakuwa sauti ya wanaume. Programu za takwimu zina dawa ya sehemu: kumpa kila mhojiwa uzito, ili wanawake 100 wawakilishe nusu ya wakaazi kama walivyo. Sensa ndiyo inayotoa kipimo cha kuwekea uzito huo.

Dawa hiyo haiwezi kumfufua ambaye hakuulizwa kabisa. Ikiwa hakuna mchumaji hata mmoja kati ya wahojiwa, hakuna uzito utakaomleta. Katika nyumba za wafanyakazi za mashamba makubwa wanaishi pia watu waliotoka kaunti nyingine, na si wote wanaosikia Kipsigis. Hojaji ya lugha moja inaweza kuwaacha nje bila mtu kukusudia. Ndiyo maana swali la lugha na la mahali pa kuishi huwekwa karibu na mwanzo.

Siri ya mhojiwa

Kundi likiwa dogo sana, halipotoshi tu, linaweza pia kumfichua mtu. Katika kijiji chenye mwanamke mmoja tu mwenye zaidi ya miaka 60 anayefanya kazi kiwandani, nguzo yake kwenye grafu ni jina lake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa za mtu binafsi, na za afya huhesabiwa miongoni mwa zile nyeti. Kwa hiyo makundi yenye watu wachache huunganishwa na mengine au hayachapishwi, na majina na nambari za simu hutolewa kwenye jedwali kabla ya kuchora. Mkaazi ana haki ya kumuuliza karani majibu yake yatatumiwa kwa kazi gani kabla ya kuyatoa.

Mambo ya kuuliza ukionyeshwa grafu

Katika vikao vya umma grafu huonyeshwa haraka, kisha ukurasa hugeuzwa. Mkaazi hahitaji kusomea takwimu ili aulize yafuatayo:

1. Ni watu wangapi waliohojiwa, na ni wangapi katika kila kundi? Idadi inafaa kuandikwa chini ya kila nguzo.
2. Walichaguliwaje, na waliulizwa wapi na kwa lugha gani?
3. Hii ni asilimia ya nani?
4. Je, kipimo kinaanzia sifuri? Nguzo zinazoanzia 50 hufanya pengo dogo lionekane bonde.
5. Majibu yakigawanywa kwa jinsia na kazi kwa pamoja, picha inabaki ile ile?
6. Ambao hawakujibu ni wangapi, na wamewekwa wapi?

Maswali hayo yana wakati wake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mikakati ya fedha hufika kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Wiki zinazotangulia tarehe hizo ndizo za kuuliza, kwa sababu bajeti ikishapitishwa, grafu huwa historia.

Na karani akibisha tena, kujibu maswali yote ya mwanzo ni sehemu ya kutoa maoni. Mchumaji asiyesema kwamba yeye ni mchumaji huhesabiwa kama mkaazi yeyote, na malalamiko yake kuhusu saa za zahanati huenda yakaishia ndani ya ile asilimia 60 ya walioridhika.